Wivu Uliochomoa Waya

Tusidanganyane. Burito hakuwa na ugomvi wowote na mtandao. Simu yake haikukaa siku bila bando, na mpira wa Ulaya alikuwa akiutazama humo humo, kitandani kwake Kigera, blanketi hadi kidevuni. Lakini Jumatatu ile, kwenye kikao cha wafanyakazi wa Mawe FM, redio ndogo iliyopanga ghorofa ya juu ya jengo moja la Kamunyonge, mjini Musoma, ungemsikia ungedhani mtandao umemuulia ndugu.

Redio ilikuwa imemaliza mwezi wa kujaribu kurusha matangazo yake mtandaoni, na siku ile walikaa kuamua kama waendelee au waache.

"Meneja, mimi ndiye fundi mitambo, nasema ninachokijua," Burito alianza. "Sisi ni redio ya hapa. Mnara wetu unafika Musoma yote, unafika Murangi, hali ya hewa ikiwa nzuri unafika mpaka kwetu Bunda. Mvuvi wa Murangi anataka kusikia habari za upepo. Mkulima wa Bunda anataka kusikia bei ya pamba. Sasa mtu aliyekaa Uarabuni anataka nini kwetu?"

Meneja Stanislausi, mtu mpole mwenye kitambi na miwani inayomteleza puani, alicheka kidogo. "Anataka nyumbani kwao, Burito. Watu wa Mara wamejaa Mwanza, wamejaa Dar, wamejaa huko nje. Kabla ya mtandao walikuwa wananiulizaga kila siku, mtatufikia lini. Na usiende mbali. Ukivuka tu kile kilima, upande wa pili wa Butiama mawimbi yetu hayashuki kabisa. Watu wanafungua redio wanasikia mvumo."

"Bando linakula hela ya mafuta ya jenereta. Na watu wa hapa wataona tumewasahau, tunasalimia Waarabu."

"Mimi naomba tuendelee."

Aliyesema hivyo ni Nyangi, mtangazaji wa kipindi cha jioni cha salamu. Alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo hata akisoma tangazo la mbolea watu wanaacha kula. "Miaka yote hii nilikuwaga natangaza, baba yangu, tata, kule nyuma ya kilima hanisikii. Sasa hivi kaka yangu anaweka simu mezani, mzee ananisikia. Juzi kaniambia, kumbe unaongeaga vizuri hivyo."

Basi kikao chote kikalainika. Hata Matrida, mama wa mapokezi anayepika na chai, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. Burito peke yake ndiye aliyekaza shingo. Wenzake walisikia tata, yeye alisikia Doha.

Maana ugomvi wake wote ulikuwa huko, Doha. Kulikuwa na mwanaume mmoja anaitwa Nyamhanga, mtoto wa jirani wa akina Nyangi huko Butiama. Kabla hajaenda Doha kuendesha mitambo ya ujenzi, alikwenda kwa Mzee Bernado, baba yake Nyangi, akamwambia waziwazi kwamba binti huyu nikirudi namuoa. Nyangi hakumkubalia, lakini pia hakuna mtu aliyemuuliza. Mzee Bernado alimpenda kijana yule kwa sababu alikuwa wa nyumbani na ana kazi ya kueleweka. Burito, ambaye alikuwa amependana na Nyangi mwaka wa pili sasa, wazee wake walitoka Bunda wakaenda kujitambulisha, wakapewa viti, wakapewa uji, wakarudi bila jibu. Baadaye walisikia mzee alisema, huyo fundi wa nyaya kesho nyaya zikiisha atafanya nini.

Hayo Burito aliyavumilia. Doha ni mbali. Lakini mtandao ulipofunguliwa, siku ile ile kwenye ukurasa wa wasikilizaji wa Mawe FM likatokea jina. Nyamhanga, Doha: "Sauti hiyo imenirudisha nyumbani." Kesho yake: "Nyangi, hebu cheka tena kama ulivyocheka jana." Na kilichomkata Burito maini ni kwamba Nyangi, pale kwenye maikrofoni, alicheka kweli. Kicheko kile cha kuanzia puani. Burito alikuwa akiamini kicheko kile ni chake, anakifungulia yeye tu wanapokaa kwenye mawe ziwani na kula sato wa kukaanga. Kumbe kinaweza kurushwa.

Kikao kiliisha kwa wengi kusema tuendelee. Burito alimfuata Nyangi kwenye ngazi.

"Umefurahi sasa."

"Nimefurahi. Wewe hufurahi tata yangu anisikie?"

"Tata yako tu?"

Nyangi alisimama, akageuka. Alikuwa ngazi moja juu yake, macho yamelingana. "Burito, tulishayamaliza haya. Uliniambia nifute namba yake, nikaifuta wewe umesimama nyuma yangu unaangalia kidole. Umeniambia nisisome meseji zake hewani, siku hizi sisomi. Bado unataka nini? Nisiongee?"

"Nataka usimchekee."

"Redioni nawachekea wote. Ni kazi."

"Mimi najua unavyocheka kwa kazi, na najua unavyocheka."

Nyangi alimtazama muda mrefu, mtazamo wa mtu anayetaka kusema kitu na amekatazwa. Alimgusa kola ya shati, akainyoosha, ingawa haikuwa imekunjika. "Subiri Jumamosi," alisema. "Jumamosi saa kumi kuna jambo nitalisema hewani. Ukishalisikia hutaniuliza tena maswali haya."

"Jambo gani?"

"Nimeambiwa nisikwambie."

"Na nani?"

"Burito, subiri Jumamosi."

Akashuka zake. Mtu mwingine angesubiri. Burito alikwenda nyumbani akajilaza na lile neno, nimeambiwa nisikwambie, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ameambiwa na nani? Kama ni jambo jema kwake, kwa nini afichwe? Ijumaa jioni akafungua ukurasa wa wasikilizaji, mwenyewe akijiambia anakagua mitambo tu, akakuta ujumbe umekaa juu kabisa. Nyamhanga, Doha: "Nyangi, kesho saa kumi nasikiliza jibu lako. Wazee wangu watakuwa kwenu tayari." Alisoma mpaka herufi zikaanza kumchezea.

Jumamosi Nyangi alikuja kazini amesuka upya, amevaa gauni la kitenge la bluu ambalo Burito hakuwahi kuliona.

"Umependeza," Burito alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Ahsante."

"Kwa redio? Redioni si hawaoni."

"Nenda kwenye mitambo yako, Burito," Nyangi alisema, lakini alitabasamu, akampita na harufu ya mafuta mapya ya nywele. Burito alimsindikiza kwa macho mpaka mlango wa studio ukafungwa. Kasuka, kashona, kajipaka, kwa ajili ya nani? Wivu ukishaingia kwa mtu hauhitaji kulishwa, unajipikia wenyewe.

Chumba cha mitambo na studio vilitenganishwa na kioo. Burito alikaa kwenye kiti chake, hedifoni masikioni. Mbele yake kulikuwa na kompyuta ndogo ya mtandao, na kutoka kwenye mtambo wa studio ulikuja waya mmoja mwembamba mweusi, uliopeleka sauti kwenye kompyuta ile. Matangazo ya mnara, yale ya mji na vijiji vya karibu, yalipita njia nyingine kabisa. Waya ule ulikuwa wa mtandao tu.

Saa kumi ilipofika Nyangi alishusha muziki, akakohoa kidogo.

"Wapendwa wasikilizaji wa Mawe FM, mlio hapa na mlio mbali. Kabla ya salamu zenu, leo nina neno moja la nyumbani. Kuna swali niliulizwa muda mrefu. Leo nataka kulijibu mbele yenu wote."

Kupitia kioo Burito aliuona uso wake. Alikuwa ameikaribia maikrofoni, macho yamelainika, yale macho ambayo Burito alidhani amewekewa yeye. Akaiona Doha, akamuona mwanaume amekaa kitandani na simu kifuani, anasubiri kuambiwa ndiyo kwa sauti ile. Mkono ukaenda wenyewe.

Hakuuzima mtandao. Angeuzima, Meneja angeona kwenye simu yake, na maswali yangekuja. Fundi ni fundi hata katika ubaya. Alichomoa ule waya mwembamba tu. Ukurasa ukabaki kijani kama kawaida, wasikilizaji wote bado wameunganishwa, ila kinachowafikia ni kimya. Kisha akavua hedifoni akaziweka mezani kifudifudi. Kama ni ndiyo ya Doha, yeye hakutaka kuisikia.

Alimuona Nyangi akiongea. Midomo ilikwenda taratibu. Alimuona anafuta jicho. Halafu Nyangi akainua uso, akamtazama yeye moja kwa moja kupitia kioo, akatabasamu. Burito akageuza uso ukutani. Alisema moyoni, hata aibu hana. Alipoona taa za muziki zinacheza tena kwenye mtambo, alirudisha waya mahali pake, akakaa.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Matrida, na kanga imemdondoka begani.

"Shemeji. Njoo nikukumbatie."

"Kuna nini?"

"Usijitie hamnazo. Wauza samaki wa Mwigobero wamenipigia, dada yangu kanipigia. Mji mzima umesikia." Alimkumbatia kweli, akanuka moshi wa chai. "Mimi nimelia pale mapokezi mpaka mgeni kaniuliza nimefiwa na nani."

"Dada Matrida, mmesikia nini? Mimi sikuvaa hedifoni."

Matrida alimwachia, akamtazama kama mtu aliyeambiwa jua halijatoka. "Hukumsikia? Mwanamke kasema, mimi Nyangi binti Bernado, nimeulizwa namtaka nani. Namtaka Burito wa Bunda, fundi wa redio hii. Nyamhanga wa Doha nakushukuru kwa heshima yako, lakini hapana. Kasema hivyo hivyo. Na sauti haikumtetemeka hata kidogo, mpaka mwisho kabisa."

Burito alikaa chini. Alicheka, cheko la kijinga ambalo lilimtoka bila ruhusa. Furaha ilimpanda kifuani, tamu ajabu, na ilipofika kooni akaukumbuka waya. Cheko likakatika.

Nyangi aliingia wakati huo huo. Alikuwa ameweka nyimbo mbili mfululizo ili apate nafasi, na uso wake uling'aa. Alimtazama Burito, akawa anamsubiri aseme kitu. Simu ikaita mkononi mwake.

"Ni tata," alisema, akaiweka sauti ya nje. "Shikamoo tata."

"Marahaba, mama." Sauti ya Mzee Bernado ilikuja nzito na yenye kuridhika. "Umefanya vizuri. Tumekuelewa."

"Kweli tata? Hujakasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Ulianza vizuri, ukaona haya mbele ya watu, ukanyamaza. Ndivyo mtoto aliyelelewa anavyofanyaga. Wazee wa Nyamhanga wamefurahi sana, nimewapa mkono wa makubaliano."

Nyangi alishika meza. "Tata, sikunyamaza. Nilisema."

"Tulikuwa hapa watu wazima, simu iko katikati ya meza. Ulisema nina neno la nyumbani, halafu kimya, kimya, mpaka muziki. Nilikwambiaje mimi? Kwenye simu huwa sijui nani amekukalia sikioni. Sema redioni, mbele ya watu wote, na huyo fundi wako usimwambie, asije akakusukuma. Ukisema jina, nitaliheshimu hilo jina, hata kama ni la nyaya. Ukinyamaza, nitahesabu umekubali la kwangu. Tulikubaliana hivyo au hatukukubaliana?"

"Tulikubaliana. Lakini ni mtandao tata, ulikatika."

"Mtandao ukikatika simu inaandikaga. Kaka yako alikuwa anaiangalia. Haikuandika kitu." Mzee alivuta pumzi. "Mkono nimeshautoa, mama. Siwezi kuwafuata wazee barabarani nikawaambia nirudishieni. Wa kunirudishia ni Nyamhanga mwenyewe. Yeye akisema ameacha, mimi sina neno."

Simu ilikatwa. Nyangi hakumtazama Burito kwanza. Alitazama kompyuta, akatazama mtambo, akautazama waya mwembamba mweusi. Amefanya kazi redioni miaka mingi, hakuwa mjinga wa nyaya.

"Burito. Ulichomoa?"

Alitamani aseme uongo, na uongo ulikuwepo karibu, wa umeme au wa vumbi. "Nilichomoa," alisema.

"Kwa nini?"

"Niliona meseji ya Ijumaa. Nilidhani unamjibu ndiyo. Sikutaka asikie."

"Hajasikia," Nyangi alisema taratibu. "Umefaulu. Hajasikia yeye, hawajasikia wazee wake, hajasikia tata. Musoma nzima imesikia kwamba nakutaka, Murangi wamesikia, huko kwenu Bunda labda wamesikia. Uliowaziba masikio ni wale tu niliokuwa naongea nao."

"Nyangi, mpigie. Mpigie huyo Nyamhanga sasa hivi, mwambie."

"Nimpigie kwa namba ipi?" Hapo sauti ilimpasuka. "Si uliniambia nifute? Si ulisimama nyuma yangu?"

Matrida, aliyekuwa amejibana mlangoni, alinyoosha kidole kwenye kompyuta. "Huyo si ndiye?"

Ukurasa ulionyesha idadi ya wasikilizaji wa mtandaoni imeshuka. Wazee wamezima simu, wengine wameondoka. Amebaki mmoja, na jina lake liko pale, kijani. Nyamhanga, Doha. Bado alikuwa akisikiliza muziki.

Burito hakuwahi kuongea kwenye maikrofoni maisha yake. Alikuwa mtu wa nyuma ya kioo. Lakini alikagua waya kwa kidole, akahakikisha umekaa, akaingia studio akaketi kwenye kiti cha Nyangi, akashusha muziki. Alijua hawezi kuongea na Doha peke yake, kwani akifungua maikrofoni ile mnara nao unapeleka, na mji mzima uliokwisha kumpongeza utamsikia sasa anavyojivua nguo.

"Ndugu Nyamhanga," alisema, na sauti yake ikamshangaza kwa unyonge. "Naitwa Burito, fundi wa redio hii. Nyangi saa kumi hakunyamaza. Alikujibu, na alikujibu kwa heshima. Mimi ndiye nilichomoa waya, kwa wivu. Nilikuwa nakuonea wivu toka siku ya kwanza ulipoandika humu. Wazee wamedhani amekubali kwa sababu yangu. Mkono wa Mzee Bernado uko kwako. Nakuomba. Mimi ndiye nakuomba, na ningemuomba mtu yeyote duniani kabla yako, lakini ndiyo imekuwa hivyo."

Alinyamaza. Redio nzima ilinyamaza naye, kitu ambacho fundi hakubali kitokee hata siku moja. Kisha ujumbe ukatokea kwenye ukurasa, na Matrida akausoma kwa sauti kubwa, mlango wa studio ukiwa wazi.

"Wewe nimekusikia. Sasa nataka nimsikie yeye. Na huo waya usiguse."

Burito aliinuka kwenye kiti. Nyangi alipita karibu yake bila kumgusa, akakaa, akasogeza maikrofoni.

"Nyamhanga," alisema. "Mimi na wewe tumekua pamoja, sina ubaya na wewe. Ulipoandika hapa nilifurahi, nilifurahi kama mtu anavyofurahi kusikia habari za kwao. Lakini kuolewa na wewe sitaki. Nilisema hapana saa kumi, nasema hapana sasa. Naomba umrudishie tata yangu mkono wake. Ni hilo tu."

Akapandisha muziki. Wote watatu wakakusanyika kwenye kompyuta, wakatazama ukurasa. Lile jina lilikaa pale kijani, halisemi. Burito aliwaza, mimi ningekuwa yeye nisingeachia. Ndivyo alivyowaza kweli, na akajionea haya.

Ujumbe ulikuja mfupi. "Nimesikia vizuri. Nampigia mzee." Na baada ya kidogo, mwingine: "Kipindi chako nitaendelea kusikiliza. Hilo fundi asininyime."

Matrida alishusha pumzi ya mtu aliyekuwa amebeba ndoo. Muda si mrefu simu ya Nyangi iliita, akaongea na baba yake kwa Kizanaki dirishani, maneno machache, ndiyo tata, ndiyo tata, ahsante tata. Alipokata alifuta uso kwa kiganja. Mkono wa mzee ulikuwa umerudi. Alikuwa huru.

Burito alisubiri. Alisubiri ageuke, alisubiri hasira ipite aseme lile neno walilolisikia Matrida na mji mzima, alitaka kulisikia kwa masikio yake mara moja tu. Nyangi alimaliza salamu za wasikilizaji mpaka ya mwisho, akaaga, akakusanya vitu vyake kwenye mkoba. Alipofika mlangoni Burito alishindwa kujizuia.

"Nyangi. Umemwambia humtaki. Mbona mimi hukunitaja?"

Nyangi alisimama na mkono kwenye kitasa. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha Burito.

"Nilikutaja saa kumi," alisema. "Nikakutazama na kwenye kioo. Wewe ukageukia ukuta."